Kabla ya kuisifu mashine, tuulize damu ilikaa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni juu ya makala mliyoichapisha juma lililopita kuhusu upimaji wa maelfu ya molekuli za mwili kwa mkupuo mmoja, makala ambayo kichwa chake kiliahidi kwamba tone moja la damu litafichua magonjwa kabla mtu hajaanza kuumwa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea na kuandaa sampuli katika maabara za utafiti. Mimi ni miongoni mwa wale ambao majina yao hayaonekani kwenye ripoti lakini ndio walioishika ile tyubu ya damu kabla mashine haijaiona. Mwandishi wenu ameieleza mashine kwa ufasaha na sina ugomvi naye katika hilo. Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba tangu mwanzo hadi mwisho wa makala hakuna aliyeulizwa damu hiyo ilitoka kwa nani, ilichukuliwa vipi, ilikaa wapi kabla ya kupimwa na ilipangwa vipi siku ya kupimwa, ilhali utafiti wa aina hii husimama au huanguka kwa majibu ya maswali hayo.

Kwa faida ya msomaji aliyeikosa makala ile, suala lenyewe ni hili. Zamani mtafiti wa ugonjwa alianza na dhana: alishuku protini fulani au jeni fulani, akaipima hiyo peke yake kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa, kisha akalinganisha. Siku hizi anaweza kupima karibu kila kitu bila kushuku chochote, halafu akaiachia kompyuta imwonyeshe kilichotofautiana. Mlango wa njia hiyo ulifunguliwa na mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali katika DNA, ulioanza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, ingawa sehemu ya mwisho, karibu asilimia 8 ya herufi zake zipatazo bilioni 3, ilikuja kusomwa kikamilifu mwaka 2022. Ndani ya herufi hizo zimo jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Juu ya jenomiki, yaani elimu ya jenomu nzima, zikajengwa nyingine: upimaji wa RNA, yaani nakala ambazo chembe hutoa kutoka kwenye jeni, unaoonyesha ni jeni zipi zinafanya kazi kwa wakati husika, proteomiki, inayohesabu protini zenyewe, na metabolomiki, inayofuatilia sukari, mafuta, asidi za amino na molekuli nyingine ndogo ambazo mwili huziunda na kuzivunja kila dakika. Ukubwa wa kazi hizi unaonekana katika UK Biobank, hifadhi ya sampuli na taarifa za afya ya Uingereza, iliyoandikisha watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010, na ambayo mwaka 2023 ilitoa matokeo ya protini zaidi ya 2,900 zilizopimwa katika damu ya washiriki zaidi ya 54,000.

Sisemi kwamba njia hii haina tija. Imetupa mambo ambayo dhana za mezani zisingetupa kamwe. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ugonjwa wa selimundu. Ilijulikana kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wanaoendelea kutengeneza kwa wingi himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni mwa mama, huumwa kwa unafuu, lakini haikujulikana vizuri ni nini kinachoizima himoglobini hiyo baada ya kuzaliwa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliopekua jenomu nzima pasipo kushuku jeni yoyote wakaangukia kwenye jeni iitwayo BCL11A, ambayo mpaka wakati huo ilijulikana zaidi kwa habari za chembe nyeupe za damu. Ikabainika kuwa ndiyo inayofunga bomba. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, na kisha Marekani, zikaidhinisha tiba inayokata kipande cha DNA kinachoiwasha jeni hiyo ndani ya chembe zinazozalisha damu, na himoglobini ya utotoni ikarudi kazini. Vivyo hivyo, kipimo cha jeni 21 katika uvimbe wa saratani ya matiti kimewaepusha wanawake wengi na dawa kali za kemikali: jaribio lililoandikisha wanawake zaidi ya 10,000, wenye saratani inayochochewa na homoni ambayo haijafika kwenye tezi za limfu, lilionyesha mwaka 2018 kwamba wengi wa wenye alama za kati za kipimo hicho, hasa waliovuka umri wa miaka 50, hawapati faida ya ziada kutokana na dawa hizo.

Sasa nirudi kwenye meza yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara ambayo sitaitaja, tuliletewa kazi ya kupima metaboliti, zile molekuli ndogo nilizozitaja, katika plasma, yale maji ya manjano ya damu, ya wagonjwa na ya watu wasio wagonjwa kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yalipotoka yalikuwa ya kupendeza mno. Kwenye mchoro wa kompyuta nukta za wagonjwa zilikaa upande mmoja na za wasio wagonjwa upande wa pili, katikati pakabaki peupe kama barabara, na kiongozi wa utafiti alikwisha kuanza kuandika. Nikaangalia orodha ya molekuli zilizoyatenganisha makundi hayo, nikaona juu kabisa glukosi ikiwa chini kwa wagonjwa na laktati ikiwa juu, na moyo ukanidunda, kwa sababu sura hiyo naijua. Ni sura ya damu iliyochelewa. Chembe za damu hazifi pindi damu inapotoka mshipani. Humo ndani ya tyubu zinaendelea kula sukari na kutoa laktati, na katika joto la kawaida la chumba glukosi hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa mpaka damu izungushwe kwa kasi kwenye mashine na plasma itengwe. Nikafungua daftari la mapokezi. Damu ya wagonjwa ilikuwa ikichukuliwa wodini asubuhi, ikimsubiri mhudumu amalize mzunguko wake, ikatufikia baada ya saa tatu na pengine nne. Damu ya wasio wagonjwa ilikuwa ya wafanyakazi wenzetu, iliyochukuliwa chumba cha pili na kuzungushwa ndani ya robo saa. Kwa gharama kubwa na kwa mashine ya hali ya juu, tulikuwa tumegundua urefu wa korido.

Tulipokusanya sampuli upya, makundi yote mawili yakiwekwa kwenye barafu na kusubiri kwa muda uleule, ile barabara ya katikati ilifutika na nukta zikachanganyika. Nataka ieleweke kwamba mashine haikukosea hata kidogo. Iliulizwa makundi haya mawili yanatofautiana katika nini, nayo ikajibu kwa ukweli kamili. Ni sisi tuliodhani jibu linahusu ugonjwa. Hapa ndipo mashine zenye uwezo mkubwa zinapokuwa na hatari ambayo vipimo vya kale havikuwa nayo, kwani anayepima kitu kimoja huenda asiione athari ya kuchelewa, lakini anayepima vitu elfu moja hana budi kuiona, na kwa kuwa haina jina lake kwenye orodha ataipa jina la ugonjwa anaoutafuta.

Wingi wa vipimo una mtego wa pili, ambao ni wa hesabu tu. Kwa desturi mtafiti huichukulia tofauti kuwa ya maana iwapo bahati nasibu ingeizalisha chini ya mara 1 katika 20. Kwa kipimo kimoja kanuni hiyo inavumilika, ila kwa jeni 20,000 maana yake ni kwamba jeni kama 1,000 zitajitokeza kuwa zinahusika na ugonjwa hata kama hakuna hata moja inayohusika. Ndiyo maana wapekuzi wa jenomu nzima walikubaliana kiwango kikali zaidi, cha nafasi 5 katika milioni 100, na tangu walipofanya hivyo matokeo yao yamekuwa yakithibitishwa na wengine kwa uthabiti ambao fani nyingine zinauonea wivu. Hata hivyo jeni hazitembei mojamoja, zinakwenda kwa makundi, na hilo nalo lina balaa lake. Mwaka 2011 watafiti watatu walizichukua orodha 47 za jeni ambazo zilikuwa zimechapishwa kuwa zinatabiri mwenendo wa saratani ya matiti, wakazishindanisha na orodha za ukubwa uleule zilizookotwa ovyo, na zaidi ya nusu ya zile zilizochapishwa hazikuzishinda zile za kuokoteza. Walijaribu hata jeni zinazobadilika mtu anapocheka baada ya kula, nazo zikatabiri. (Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka, na ilikuwa baada ya kula.) Sababu yake si muujiza: sehemu kubwa ya jeni za uvimbe hupanda na kushuka pamoja na kasi ya chembe kugawanyika, hivyo konzi yoyote kubwa ya jeni itainasa kasi hiyo, iwe imechaguliwa kwa elimu au kwa kufumba macho.

Msomaji anaweza kudhani kwamba makosa ya namna hii hutokea kwenye maabara ndogo kama yetu tu. Mwaka 2002 jarida maarufu la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuwa mpangilio wa protini katika damu unaweza kutambua saratani ya ovari, na takwimu zake zilikuwa za kusisimua: wagonjwa 50 kati ya 50 walitambuliwa, na kati ya wanawake 66 wasio na saratani 63 waliainishwa sawasawa. Magazeti duniani kote yalishangilia na kipimo cha biashara kikaanza kuandaliwa. Wataalamu wa takwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes, wakiwa na wenzao katika kituo cha saratani cha MD Anderson huko Texas, walipozipitia tena data zilizowekwa wazi, walikuta sehemu ya tofauti hizo iko kwenye eneo ambalo mashine yenyewe hutoa kelele na haipimi chochote cha kuaminika, na kwamba mambo ya upimaji, wala si saratani, yangetosha kuyatenganisha makundi. Kipimo hicho hakikufika sokoni. Lakini hata tukikubali takwimu zile kama zilivyo, hebu tuzipigie hesabu. Tuseme wamepimwa wanawake 10,000 na kati yao 4 tu wana saratani ya ovari, ambao ni uwiano wa kawaida kwa ugonjwa adimu kama huo. Kipimo kitawakamata wote 4. Hao 9,996 waliobaki, kwa kuwa kinakosea kwa karibu 5 katika kila 100, watatoka humo wanawake wapatao 500 walioambiwa wana saratani ambayo hawana, na kwa ovari njia ya kuthibitisha mara nyingi ni kisu. Hii ndiyo hesabu niliyoitafuta katika makala yenu nisiione, na haihitaji mashine, inahitaji kikokotoo cha simu.

Baggerly na Coombes hao hao waliibuka tena katika kisa kizito zaidi. Mwaka 2006 kundi la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilichapisha njia ya kutumia utendaji wa jeni kutabiri ni dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi, na haukupita muda majaribio ya tiba yakaanza kuwapangia wagonjwa dawa kwa kuifuata. Wawili hao walipojaribu kuyarudia mahesabu wakakuta, pamoja na mengine, kwamba katika baadhi ya orodha majina ya jeni yalikuwa yameteleza mstari mmoja dhidi ya namba zake, hivyo kila jeni ilikuwa imebeba matokeo ya jirani yake, na mahali pengine chembe zinazosikia dawa zilikuwa zimeandikwa kuwa ni sugu. Fikiria mwalimu aliyebandika orodha ya alama za mtihani huku safu ya majina imeshuka mstari mmoja. Walichapisha uchunguzi wao mwaka 2009. Majaribio yakaja kufungwa mwaka 2010 na makala ya awali ikaondolewa mwaka 2011, na mwaka 2015 mamlaka ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikatamka kwamba baadhi ya data zilikuwa za uongo. Kilichoniuma zaidi katika kisa hicho ni ule mstari mmoja kuliko hata uongo uliokuja kubainika, kwa maana uongo una mwenyewe lakini mstari unaweza kuteleza kwa yeyote. Programu ya Excel, ambayo wengi wetu tunaitumia kuhifadhi orodha za jeni, kwa miaka mingi ilikuwa ikiigeuza jeni iitwayo SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba pasipo kumuuliza mtu, na uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta karibu moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni katika mafaili ya Excel zina kosa la aina hiyo. Mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni waliona ni rahisi zaidi kuibadilisha jina jeni ya binadamu kuliko kuibadilisha programu, na sasa inaitwa SEPTIN2.

Lipo pia swali la damu ni ya nani. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya walioshiriki katika upekuzi wa jenomu duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 3. Hili halihusu heshima peke yake, linahusu usahihi. Mwaka huohuo watafiti walieleza jinsi Wamarekani weusi kadhaa walivyoambiwa kuwa wamebeba badiliko la jeni linalosababisha ugonjwa wa kunenepa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida na hayana madhara. Yalihesabiwa kuwa ya hatari kwa sababu tu hayakuwa yakionekana kwa watu waliotumiwa kulinganisha, ambao wengi wao walikuwa weupe. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa jenomu barani Afrika uitwao H3Africa ulisoma jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na makabila ya Afrika, ukakuta tofauti za herufi zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Watu 426 tu. Anayesoma kwamba kipimo fulani kinatabiri ugonjwa ana haki ya kujua kama kiliwahi kujaribiwa kwa mtu yeyote anayefanana naye.

Sitasema mengi juu ya suala la chanzo na matokeo, kwa kuwa linastahili barua yake, ila nitaje kwamba mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakichambua damu iliyohifadhiwa walikuta asidi tano za amino zikiwa juu kwa watu waliokuja kupata kisukari, mpaka miaka 12 baadaye. Ugunduzi huo ni thabiti na umerudiwa kwingine. Hata hivyo kujua kwamba molekuli imepanda kabla ya ugonjwa hakumwambii mtu kama kuishusha kutauzuia, kwani inawezekana imepandishwa na kitu kilekile kinachouleta ugonjwa, na makala yenu ilivuka kutoka jambo la kwanza hadi la pili ndani ya sentensi moja.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, si kwamba muache kuandika habari hizi au mzipunguze. Naomba tu kwamba safari ijayo mwandishi amuulize mtafiti kama sampuli za wagonjwa na za wasio wagonjwa zilichukuliwa kwa tyubu za aina moja, zikasubiri kwa muda mmoja na kupimwa kwa kuchanganywa siku moja; kama matokeo yamejaribiwa kwa kundi jingine la watu ambalo halikutumika kuyapata; na katika kila watu elfu watakaopimwa, wangapi wataambiwa wanaumwa ilhali hawaumwi. Mtafiti makini hatakasirika kuulizwa hayo, atafurahi, na asiye na majibu atakuwa amewapa habari iliyo bora kuliko ile aliyokuja nayo. Kwa upande wangu namkaribisha mwandishi wenu asimame nasi siku moja kwenye meza ya kupokelea sampuli. Aje asubuhi na mapema, maana ikifika saa tano tyubu za kwanza huwa zimekwisha kuzungushwa na kuingizwa kwenye friza, na hapo hakuna tena cha kumwonyesha isipokuwa mashine.

Wako,
Fundi wa maabara, msomaji wenu wa siku nyingi